Miguu Ifike Chini

Pikipiki aliyokuwa akiendesha mume wangu haikuwa yetu. Ilikuwa ya idara ya maji, na idara ilikuja kuichukua kabla hatujarudisha viti vya kuazima tulivyokalia siku za msiba. Walikuja wanaume wawili, wapole, wakiongea huku wanatazama chini. "Pole sana mama, sisi tumetumwa tu." Niliwaambia hakuna neno. Nikawapa na kitambaa cha kufutia kiti, maana kulikuwa na umande na sikutaka waloweshe suruali zao. Walipoiwasha, jirani alitoka nje na mswaki mdomoni akatazama barabarani. Alidhani ni mume wangu anakwenda kazini. Hata mimi, niliyekuwa nimesimama pale pale mlangoni, kwa kitambo kidogo nilidhani hivyo.

Nyumba yetu iko nje ya mji, ukishapita machimbo ya kokoto, mwisho wa barabara ya udongo inayopanda kilima. Mume wangu alikuwa msoma mita. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji na kufukuzwa na mbwa, na mbwa wote wa mji aliwajua kwa tabia. Mimi ni mpimaji katika kituo cha kukusanyia maziwa. Wafugaji wanaleta madumu yao alfajiri, nami nanusa, natia kipimo, natikisa kidogo kwenye kichupa, kisha nasema: pita, au rudi nayo. Kazini wananiita Mama Kipimo. Mfugaji aliyeongeza maji kwenye maziwa namjua kabla hajafungua kifuniko. Siku hiyo anakuwa na salamu nyingi kupita kiasi.

Kazi hii haimngoji mtu. Maziwa yakikaa juani yanaharibika, na ng'ombe hana likizo wala hana habari kwamba barabara imejaa tope. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu, kiangazi na masika, mume wangu alinipeleka kituoni kwanza ndipo akaenda kwenye mita zake. Nilikaa nyuma, mfuko wa chakula ukiwa katikati yetu, na upepo ukiwa mkali nilificha uso nyuma ya bega lake. Ile barabara niliijua kupitia mgongo wake. Mabega yakipanda kidogo, shimo linakuja. Akivuta pumzi, tunaingia kwenye mchanga. Ungeniuliza barabara yenyewe ikoje ukiitazama kwa mbele, nisingekujibu.

Baada ya msiba nilikuwa nashuka kilima kwa miguu mpaka kwenye lami, nikifika pale napewa lifti na dereva wa gari la mikate. Wote walimwita Boflo. Alikuwa mtu mwema. Alipunguza sauti ya redio bila kuambiwa na hakuniuliza chochote. Lakini hicho kilikuwa kiangazi. Masika, udongo wa kilima chetu unashika viatu kama gundi, na gari la mikate halina muda wa kumngoja mtu anayekwangua tope. Msimamizi wa kituo aliniita pembeni siku moja, akawa anajikuna kichwa.

"Mama Kipimo, unajua nakuheshimu."

"Sema tu."

"Mvua zikianza, nikikosa mpimaji alfajiri, nitalazimika kuweka mtu mwingine. Siyo kwamba napenda."

Nikamwambia nimesikia.

Mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, alikuwa na jibu tayari. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na nyuma ya duka, kwenye ua wa nyumba yake, kuna chumba. "Shemeji, chumba kipo. Kina dirisha, kina taa, mke wangu ameshapiga deki. Ukitoka pale unavuka barabara tu, umefika kituoni. Kule kilimani utakaa na nani? Na kenge?"

Alikuwa amenijia na mifuko ya unga na sabuni, amekaa kwenye kiti cha kaka yake bila kujua ni kiti cha nani, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikakubali. Tukapatana kwamba mvua zikishaanza, Jumapili ya kwanza atakuja na pikapu tuhamishe vitu.

Alipoondoka nikaona nilichokifanya. Shemeji si mtu mbaya, na hapo ndipo palikuwa na ugumu. Nyumbani kwake kuna watoto wengi, kuna kelele za sufuria na redio, na kila mtu angenionea huruma kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ningeulizwa kama nimekula. Ningeulizwa kwa nini nimenyamaza. Hapa kwetu naweza kunyamaza. Nyumba hii mume wangu aliijenga chumba baada ya chumba, na hatukujaliwa mtoto wa kuikalia baada yetu. Nilijua nikiifunga msimu mmoja, mchwa watahamia, halafu utakuja msimu wa pili, na sitarudi tena.

Njia ilikuwa moja. Nipate pikipiki, na nijue kuiendesha, kabla ya mvua. Mafao ya mume wangu yalikuwa yametoka na sikuwa nimeyagusa.

Nilikwenda kwa fundi aliyekuwa akiitengeneza ile ya idara. Wanamwita Plagi. Anafanyia kazi chini ya kipande cha bati kando ya kituo cha mafuta, na huwa anaongea tangu anapofungua boksi la spana mpaka anapolifunga. Alinipa kiti, akafuta mikono.

"Dada, unataka pikipiki ya kuonekana au ya kwenda kazini?"

"Ya kwenda kazini. Jua na mvua. Isinivunje mgongo, na idumu."

"Basi leo wauzaji watatuchukia," akasema, akavua ovaroli.

Tulikwenda duka kubwa lenye vioo. Pikipiki zilikuwa zimepangwa zinang'aa, zote zimegeuza shingo upande mmoja kama watu wanaopigwa picha. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai na manukato ya kutosha ukoo mzima.

"Karibu sana mama! Mtoto anataka ipi?"

"Hakuna mtoto. Ni yangu mimi."

"Haa! Mama wa kisasa! Basi jaribu hii hapa. Panda, panda, usiogope, haing'ati."

Nilikuwa nimevaa suruali ndani ya gauni. Nikapanda. Nikakaa, nikaweka mfuko wangu mbele ya tumbo. Plagi akakohoa.

"Dada."

"Eh?"

"Umekaa nyuma."

Kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha abiria, miguu kwenye vikanyagio vya abiria, nangoja. Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. "Mama, na dereva tukufungie humo humo na risiti?" Plagi hakucheka. Aliinama kutazama tairi ambalo halikuwa na cha kutazamwa. Nikajisogeza mbele polepole. Kiti cha mbele kilikuwa kipana kuliko nilivyodhani.

Muuzaji alianza na nyekundu, iliyoinua kiti cha nyuma juu kama panzi. "Hii mama, inakimbia kuliko umbea."

"Anakwenda kupima maziwa," Plagi akasema. "Hakimbizani na mtu." Akakandamiza kiti kwa kiwiko. "Sponji hili ni la kukaa hapa dukani. Likipigwa na barabara yake, baada ya miezi michache atakuwa amekalia chuma. Na cheni iko uchi. Cheni iliyo uchi masika inakula tope, na tope linakula cheni."

"Bwana fundi, cheni zote ziko hivyo."

"Haziko hivyo. Ile pale ina kava."

Akanipitisha moja baada ya nyingine. Aliniambia nitazame nafasi kati ya tairi la mbele na madigadi, maana ikiwa ndogo udongo wetu utajaa pale na tairi litakataa kuzunguka. Aliniambia pikipiki ya kila siku iwe na kiki hata kama ina stata ya kubonyeza, kwa sababu betri haikuambii siku itakayokufa. Aliuliza spea zinapatikana wapi, na muuzaji aliposema "zinaagizwa", Plagi alinishika mkono tukaendelea mbele. Nilikuwa nasikiliza vizuri mpaka hapo.

Halafu nikaiona. Ilikuwa pembeni karibu na ukuta: ndefu, nyeusi, tangi pana. Aina ile ile ya idara. Sikuona tena nyingine. Nikamwomba muuzaji aiwashe, akaiwasha, nayo ikatoa ile sauti nzito ya chini ambayo nilikuwa sijaisikia tangu asubuhi ya wale wanaume wawili. Nikaweka mkono kwenye kiti.

"Nataka hii."

"Dada, hiyo ni ndefu," Plagi akasema kwa sauti ndogo.

"Imetubeba miaka yote."

"Ilimbeba yeye. Wewe ulibebwa naye."

Nikapanda, mbele safari hii. Vidole vya miguu viligusa sakafu. "Vinafika," nikasema.

"Vidole havisimamishi pikipiki. Kisigino ndicho kinasimamisha."

"Bwana fundi, mteja amependa!" Muuzaji alikuwa ameshatoa kalamu. "Wewe unabishana na moyo wa mtu?"

Plagi hakubishana. Akaomba tu tuijaribu uani, nyuma ya duka, mahali malori yanaposhusha mizigo. Pale kuna kokoto na ardhi ina mteremko. Akaishika mpaka nikapanda. "Usiwashe. Simama tu hivyo hivyo." Akaiachia.

Nikasimama. Kisha ikaelekea kushoto kidogo, nami nikashusha mguu kutafuta ardhi, na ardhi ilikuwa chini zaidi ya nilivyoitegemea. Haikuanguka kwa kishindo. Ilikwenda taratibu, kama mtu mzima anayejilaza, na mimi nikaenda nayo. Nikasikia muuzaji anapiga kelele, "Kioo! Kioo!", na kioo cha pembeni kikapasuka.

Sikuumia. Niliinuka, nikashika usukani, nikavuta. Haikusogea. Nikainama vizuri, nikavuta kwa mgongo, halafu kwa magoti. Iliinuka kidogo ikarudi. Plagi alikuwa amepiga hatua kuja, kisha akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Fundi, nisaidie."

"Ningekusaidia, dada. Lakini kule kilimani asubuhi sitakuwepo."

Tangu msiba watu wote walikuwa wameniambia tuko pamoja. Tuko pamoja, mama. Tuko pamoja, dada. Walinishika mikono wakasema, nami nikashukuru. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba hatakuwepo, na alikuwa anasema kweli. Nikakaa pale pale kwenye kokoto, kando ya ile pikipiki iliyolala, nikalia. Makaburini sikulia. Nililia uani kwa watu nisiowajua, petroli ikidondoka kidogo kidogo kutoka kwenye tangi.

Muuzaji alileta maji kwenye kikombe. Alikuwa amelegeza tai. "Mama, kioo siyo kitu," alisema. "Usilie kwa kioo. Vipo vingi ndani." Plagi akamtazama, akaiinua pikipiki.

Tuliporudi ndani ndipo Plagi akaulizia ya kijivu iliyokuwa nyuma ya mlango. Muuzaji aliona aibu. "Ile? Ile inachukuliwa na wapeleka barua na wauguzi wa vijijini. Imekaa kama mbuzi mwenye mimba."

"Mbuzi anapanda mlima," Plagi akasema. "Ilete."

Ilikuwa fupi na nene. Kiti chake kilikuwa kirefu kama benchi, sponji ngumu. Cheni ilifichwa yote ndani ya kava. Madigadi ya mbele ilikuwa juu, ungeweza kupitisha ngumi. Tairi zilikuwa na meno. Nikapanda, nyayo zangu mbili zikatua chini zote, mpaka visigino. Tukaipeleka uani, Plagi akailaza mwenyewe kwa makusudi, muuzaji akafumba macho.

"Sasa usiivute kwa mikono. Ipe mgongo. Makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine pale kwenye chuma. Halafu tembea kinyumenyume kama unasukuma kabati."

Nikaipa mgongo, nikatembea. Ikapanda, ikasimama. Nikaweka stendi.

Nikaomba isikike sauti yake. Ililia kama cherehani. Haikufanana na kitu chochote nilichokuwa nacho. Sikuipenda. Niliinunua.

Plagi alinifundisha kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Klachi na gia havikunisumbua sana. Miaka yote nilikuwa nahisi mguu wa mume wangu ukibadilisha gia, na masikio yangu yalijua injini inapoomba gia nyingine. Kwenda moja kwa moja niliweza mapema. Kilichonishinda ni kona. Nilikuwa nafika kwenye bendera ya kona, nageuza usukani, na pikipiki inakwenda nje, nje, mpaka golini.

"Lala na kona, dada! Mbona umekakamaa kama nguzo ya umeme?"

"Nalala!"

"Unalala kona imeshapita! Unalala kwenye kona ya jana!"

Tulirudia mpaka akaishiwa utani. Akakaa kwenye nyasi, akamenya chungwa. "Dada," akasema, "kuna kitu unakingoja. Sijui ni nini. Zunguka tena uje uniambie."

Nikazunguka peke yangu, taratibu. Nikaikaribia kona. Na nikahisi, kweli, mwili wangu wote unangoja. Ulikuwa unangoja mtu wa mbele alale ndipo ulale. Siku ya kwanza mume wangu kunipakia, tukiwa bado wachumba, aliniambia nisilale kabla yake wala kinyume chake, nimfuate tu. Nilitii, na kwa miaka yote sikuwahi kukosea. Sasa nilikuwa nafika kwenye kona, natazama mbele kutafuta mgongo, na mbele kuna taa na usukani.

Nilipomweleza Plagi, alinyamaza. Sikuwahi kumwona amenyamaza. Akatema mbegu ya chungwa.

"Alikuwa anakusifia," alisema mwishowe. "Pale kibandani kwangu. Wenzake wakilalamika kubeba wake zao, yeye alikuwa anasema, 'Mimi nikimpakia wangu, ni kama sijapakia mtu.'"

Sikujua nifanye nini na maneno hayo. Nimeyaandika hapa nisiyasahau. Yalinifurahisha, kisha yakanikaa kifuani.

"Sasa anza wewe," Plagi akasema. "Sema hata kwa mdomo. Ukiona kona, sema 'sasa', ulale."

Nikawa nazunguka uwanja nasema, "Sasa. Sasa." Watu waliokuwa wakipita njiani walinitazama kama nimechanganyikiwa. Lakini pikipiki ilianza kukunja. Bendera ilipita upande wangu, karibu, mahali pake.

Nikapewa leseni. Mvua zikaanza Alhamisi, usiku kucha juu ya bati. Ijumaa niliufungua mlango nikaona barabara imekuwa nyekundu na inang'aa. Nilivaa koti la mvua la mume wangu, nikakunja mikono yake, nikawasha. Nilishuka kwa gia ya kwanza, miguu imening'inia karibu na ardhi, sauti ya cherehani chini yangu. Karibu na machimbo tairi la nyuma liliniponyoka nikalala kwenye tope. Nililala pale kidogo. Hapakuwa na mtu, wala ng'ombe. Nikainuka, nikaipa mgongo, nikaisimamisha, nikapiga kiki. Ndani ya madigadi kulikuwa na donge la udongo lakini tairi lilizunguka.

Nilifika kituoni foleni ya madumu bado fupi. Mfugaji mmoja, yule wa salamu nyingi, alinitazama kutoka kwenye buti mpaka kwenye kofia.

"Mama Kipimo! Leo tukupime wewe. Umechanganywa!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, huku nanawa mikono. Msimamizi alitoka ofisini, akaitazama pikipiki, akanitazama, akarudi ndani. Nikachukua kipimo changu.

Jumapili shemeji alikuja. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba nimenunua pikipiki na asisumbuke, naye alijibu, "Tutaiona hiyo mvua kwanza." Pikapu yake ilikwama chini ya kilima. Alipanda kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, na begani amebeba kamba na turubai la kufunikia vitu vyangu.

"Shemeji, hii ni barabara ya watu au ya viboko?"

Nilimpa maji ya kunawa miguu na chai. Akanywa huku anatazama huku na huku: picha ukutani, vyombo kabatini, pazia.

"Hujafunga kitu."

"Sijafunga."

"Na siku ukianguka huko bondeni? Kaka nitamwambia nini?"

"Nimeshaanguka. Ijumaa."

"Unaona sasa!"

"Nikainuka, nikaenda kazini."

Aliweka kikombe chini. Akaenda mlangoni kuitazama pikipiki chini ya upenu. Alikaa pale muda, amenipa mgongo, na mgongo wake unafanana na wa kaka yake kiasi kwamba nilitazama pembeni.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Kaka angecheka."

"Angecheka sana. Angeipa jina baya."

Tukacheka, kisha tukaacha. Aliporudi kukaa alikuwa anakunja ile kamba, anaikunjua.

"Shemeji, mimi sikuwa nakuja kwa ajili yako peke yako," alisema. "Nyumbani nikimtaja kaka, watoto wananyamaza. Mke wangu ananiambia nipumzike, nijipe moyo. Nilisema ukija kukaa pale, jioni nitakuwa na mtu wa kumzungumzia naye. Ni hivyo tu. Chumba kile nimekipaka rangi mwenyewe."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikuwa nimehesabu huruma yake kama mzigo, na kumbe alikuwa ananiomba. Ningeweza kusema ndiyo wakati ule. Neno lilikuwepo kinywani. Lakini nilitazama kuta nikajua kwamba nikilisema, nitalisema kwa ajili yake, na baada ya wiki chache nitakuwa nakaa kwenye chumba kilichopakwa rangi kwa upendo, namchukia mtu asiye na kosa.

"Siwezi, shemeji," nikamwambia. "Njoo wewe. Jumapili uwe unakuja, tumzungumzie hapa."

"Kwa barabara hii?"

"Nitakufuata kwenye lami."

Alimaliza chai. Alisimama, akalichukua turubai lake likiwa limekunjwa vile vile, nami nikasema nitampeleka mpaka kwenye pikapu. Alipanda nyuma yangu huku analalamika, akanishika mabega kwa mikono miwili kama mtu aliyepandishwa punda. Alikuwa mzito, hatulii, kila kona anajinyoosha, anapiga kelele, "Taratibu, mama! Nina watoto!" Nilimpeleka. Mkono wangu uliuma kwa kuishikilia pikipiki isiende atakako yeye. Tulifika.

Vijana wa machimbo walitusaidia kuisukuma pikapu ikashika lami. Shemeji alitupa turubai nyuma, kwenye pikapu tupu, akaingia, akafungua kioo. "Haya," alisema. Nikasema haya. Akaondoka. Nikaitazama mpaka ikaingia mjini, halafu nikageuza.

Kupanda kilima peke yangu kulikuwa rahisi. Niliosha tope, nikaipaka cheni mafuta kupitia kidirisha cha kava, nikavua buti, nikaingia ndani. Nyumba ilikuwa yangu. Kazi ilikuwa yangu. Jua lilikuwa bado halijazama na sikuwa na kitu cha kufanya. Nikaosha vile vikombe viwili. Mvua ikaanza tena.

Simu ikalia.

"Umefika salama?" Ni shemeji.

"Nimefika. Na wewe?"

"Nimefika. Nilitaka kujua tu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Nilikwambia asubuhi."

"Na mkubwa, mguu wake?"

"Ulishapona siku nyingi, shemeji."

Nyuma yake nilisikia sufuria, mlango, mtoto analia kwa hasira na mwingine anajitetea, "Siyo mimi! Siyo mimi!" Shemeji akaacha simu kidogo akawakemea. Nikaibana simu sikioni, na kwa mkono mwingine nikaziba sikio la pili, kwa ajili ya kelele ya bati.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

"Ulikuwa unasema?"

"Sikuwa nasema kitu," nilimwambia. "Waache waseme wao. Usikate kwanza."